Gokali za New Malden

Time Matar aliingia London mwaka 1992, akimfuata mumewe Harith aliyekuwa ametangulia. Kwao ni Paje, mashariki ya Unguja, na mpaka wiki ya kuondoka alikuwa akishuka pwani na mama yake kulima mwani. Walipanga chumba Wembley, juu ya duka la vitambaa vya sari, jiko wakichangia na wapangaji wengine. Harith alikuwa mlinzi katika uwanja wa mpira. Siku za mechi alitoka asubuhi na kurudi sauti imemkauka.

Jina la Time lilimsumbua tangu mwanzo. Kila ofisi aliyokwenda walilisoma kwa Kizungu, "Taim", wakatabasamu, na karani mmoja alimuuliza kama nduguye anaitwa Saa. Hilo alilizoea. Lililomshinda kulizoea lilikuwa jingine. Mimba mbili zilimharibikia, moja nyuma ya nyingine, na baada ya ile ya pili alikaa ndani miezi kadhaa akiangalia mabasi dirishani, hana hamu ya kupika wala ya kuzungumza na mtu.

Aliyemtoa ndani ni jirani yao Marie-Claire, Mkongo wa Bukavu aliyekuwa akifanya usafi maofisini. Siku moja alibisha hodi na kuingia bila kungojea jawabu.

"Time, iko kazi kule New Malden," alisema. "Ni Wakorea. Banatafuta mwanamke wa kuchunga mtoto na kusafisha nyumba. Miye siwezi, ni mbali. Weye unapenda batoto, si ndiyo?"

"Napenda," Time alijibu, na machozi yakamlengalenga.

"Basi osha uso, tukapige simu."

New Malden iko upande wa pili kabisa wa London. Time alipanda treni ya chini ya ardhi mpaka Waterloo, akabadilisha treni, na aliposhuka alidhani amekosea njia. Nusu ya maduka ya barabara kuu yalikuwa na maandishi ya miduara na vistari ambayo hajapata kuyaona. Palikuwa na saluni ya Wakorea, mchinjaji wa Wakorea, wakala wa nyumba wa Kikorea. Aliuliza njia mara mbili ndipo akaifikia nyumba.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa umri wake, amefunga nywele kwa penseli. Kitu cha kwanza Time alichokiona ni viatu vimepangwa mlangoni, kama nyumbani kwao. Akavua vyake bila kuambiwa. Mwanamke yule aliviangalia viatu, akamwangalia yeye, na uso wake ukalegea. Time alihisi kazi ameipata kabla hawajasema lolote.

Nyuma ya mama alikuwapo mtoto wa kike wa miaka mitatu, kidole mdomoni.

"Anaitwa Bora," alisema mama, kwa Kiingereza cha kuokoteza kama cha Time mwenyewe.

Time alidhani hakusikia sawasawa. "Bora?"

"Bora. Ni rangi. Zambarau."

"Kwetu," Time alisema akitafuta maneno, "bora ni kile kinachopita vyote. Kizuri zaidi."

Mama alimgeukia mtoto na kumfasiria kwa Kikorea. Mtoto akakitoa mdomoni kile kidole.

Tangu siku hiyo Time alimwita mwanamke yule Mama Bora, kama ambavyo angemwita mwanamke yeyote wa Paje mwenye mtoto. Mama Bora alishangaa. "Nani kakwambia? Na kwetu ndivyo wanavyoniita!" Na yule mtoto, kwa kufundishwa, alimwita Time Da Time, na maneno yale mawili aliyatamka barabara tangu siku ya kwanza.

Mume wa Mama Bora alikuwa amehamishiwa London na kampuni yake na hakuonekana sana. Mama Bora alikwenda chuoni kujifunza Kiingereza. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya Time na mtoto kutwa nzima. Mchana, Bora akitoka chekechea, walipita kwenye duka la vyakula vya Kikorea karibu na stesheni. Lilikuwa duka jembamba, linanuka ufuta na kabeji iliyochachushwa, na mwenyewe ni bibi mmoja mwembamba aliyevaa fulana ya sufu majira yote. Bora alikuwa na ruhusa ya kuchagua pakiti moja tu. Alizunguka rafu kama mama anayenunua dhahabu, akashika hii, akairudisha, akashika ile, na mwisho wake kila siku ulikuwa ule ule: gokali.

Gokali ni vitafunio vya mahindi vilivyokunjwa mfano wa kofia ndogo zenye ncha, na jina lenyewe, Mama Bora alieleza, maana yake ni kofia ya namna hiyo. Bora alikuwa akivivisha kofia hizo vidole vyake vyote, kimoja kimoja, kisha akainyoosha mikono mbele ya Time.

"Da Time, kula!"

"Kipi?"

"Hiki baba. Hiki mama. Hiki Da Time."

"Sasa nikijila mwenyewe?"

Bora alicheka mpaka akajikwaa. Maneno ya Kiswahili yalimwingia bila ya mtu kumkalisha kitako kumfundisha. Alijua njoo, wacha, pole, kaa, na siku moja Mama Bora alirudi akamkuta anamgombeza mwanasesere wake: "Ebo! Wewe mtoto wewe!"

Hapo mwanzo Time hakula kitu cha dukani humo. Hakuweza kusoma kilichoandikwa, na aliogopa nguruwe. Ilimbidi amweleze Mama Bora, na alieleza kwa aibu, akichelea mwenye nyumba asije kudhani kwamba chakula chake kinadharauliwa. Jioni ile Mama Bora alizitoa pakiti zote kabatini, akakaa chini jikoni, akasoma nyuma ya kila moja akifuatisha kwa kidole. "Hii usile. Hii kula. Hii mchuzi wa ng'ombe, sijui wamechinja vipi, usile. Gokali, kula. Ni mahindi, mafuta, chumvi na sukari." Tangu hapo, hata wakienda dukani pamoja, alisoma kwanza yeye kabla ya kutia kitu kikapuni. Time alikuwa amekaa London miaka miwili na hakuna mtu aliyewahi kumsomea kitu kwa namna ile.

Siku nyingine Mama Bora alimpa karatasi nyembamba, kijani iliyokolea mpaka ikawa nyeusi, imekaangwa kwa mafuta na chumvi. Time aliinusa. "Huu si mwani?"

"Mwani, ndiyo. Mnao?"

"Sisi tunaulima! Tunauanika, wanakuja watu kuununua kwa magunia. Hatuuli."

"Mnaulima na hamuuli?"

"Hatuuli. Na wala hatujui wanaoununua wanaufanyia nini."

Walicheka sana. Haukuwa mwani wa aina moja, ule wa Paje ni mnene na unateleza, lakini Time alipoutafuna mdomo ulimjaa bahari, na alimwona mama yake ameinama ndani ya maji ya magotini, kanga imefungwa kiunoni. Alikwenda chooni akakaa kidogo mpaka uso ulipomkauka.

Miaka ilikwenda hivyo. Bora alianza skuli, na ni Time aliyemshika mkono kumpeleka. Harith alikuwa akimtania mkewe kwamba sasa anaota Kikorea. Kweli alikuwa ameshika maneno ya nyumbani, ya kula na kulala na kuoga, na alipolala na kuota mtoto, mtoto mwenyewe alikuwa Bora.

Mwisho wa mwaka 1997 habari za Korea zilianza kutoka kwenye televisheni. Fedha ya nchi ile ilikuwa inaporomoka. Mama Bora aliacha kwenda chuoni. Dukani wateja walisimama vikundi vikundi na kuzungumza kwa sauti ya chini. Siku moja, Time akiwa anapiga pasi, Mama Bora alikuja akaizima.

"Kampuni inaturudisha," alisema. "Wote. Mwezi ujao."

Time aliiangalia pasi. "Mtarudi tena?"

"Sijui kama kampuni yenyewe itabaki."

Siku ya mwisho masanduku yalikuwa yamejaa ukumbini. Mama Bora na Time walikumbatiana, jambo ambalo hawakuwa wamezoea, wakaachana haraka. Bora alikuwa na miaka sita. Alikuwa ameambiwa wanasafiri kwa ndege, na alichokielewa ni ndege tu. Alimsindikiza Time mpaka mlangoni kama desturi yake, akamtazama anavyovaa viatu.

"Da Time," alisema, "kesho usichelewe."

Time alimbusu kichwani na kutoka. Mpaka leo hajui alifikaje stesheni.

Alipata kazi nyingine upesi, katika nyumba ya kutunzia wazee huko huko Wembley. Kila mwezi alinunua kadi ya simu na kupiga Seoul. Mara za mwanzo Bora alikuwa akiipokonya simu, anaeleza mambo ya skuli mpya kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kiswahili na Kikorea. Baadaye ikawa maneno machache. Mara ya mwisho, katikati ya mwaka 1999, Time alisema, "Bora, mimi Da Time. Hujambo mwanangu?" Upande wa pili alisikia mtu anapumua. Akarudia. Kisha simu ikachukuliwa na Mama Bora, sauti imechoka.

"Usikasirike. Kiingereza kimemtoka. Na kile cha kwenu pia. Anaona haya."

"Sikasiriki," alisema Time. "Ni mtoto."

Alipopiga tena, namba ilikuwa imekatwa. Wakati huo huo yeye na Harith walipewa fleti ya halmashauri, na namba yao ya zamani ikabaki kwenye chumba kile juu ya duka la sari. Hivyo wakapoteana.

Alikuwa na mimba wakati huo, na safari hii ilikaa. Hamu ya ujauzito ilipomshika, hakutaka embe wala ndimu. Alitaka gokali. Harith, aliyekuwa tayari kuvuka bahari kwa ajili ya mimba ile, alikuwa na jawabu jepesi.

"Si uende New Malden? Au nipe jina la duka, nikufuatie mimi."

"Usiende!" Time alisema kwa ukali mpaka wote wawili wakashituka. Kisha akatuliza sauti. "Ni mbali. Na hapa Wembley maduka ya Waasia yamejaa tele. Haiwezekani wasiwe nazo."

Akaanza na Kishor, mwenye duka la vyakula barabara ya Ealing. Kishor alizaliwa Kisumu, na alifurahi kila alipopata mtu wa kuongea naye Kiswahili.

"Mama, kuja uone," alisema, akimpitisha mbele ya rafu. "Niko na chevda, niko na ganthia, niko na krispi ya mhogo, ingine iko na pilipili, ingine haina. Unataka nini?"

"Nataka za Kikorea. Za mahindi, kama kofia, zina ncha."

"Ya Korea?" Kishor alijikuna kidevu. "Hiyo bado sijaona. Lakini si hii chevda pia iko na mahindi?"

Alinunua chevda ili asimvunje moyo. Alikwenda Southall, akarudi na krispi za kamba. Alikwenda kwa Wachina wa Soho, akapekua rafu za chini mpaka mwenye duka akaanza kumfuata nyuma. Alipata biskuti za Kijapani zenye ladha ya samaki, njugu zilizoviringwa unga wa kijani, peremende za maziwa za Kichina. Hata arusi ya mtu Woolwich haikumzuia. Alitoroka na baibui lake kwenda kuangalia duka la Mvietinamu ng'ambo ya barabara, na alipoulizwa alikuwa wapi alisema alikwenda kupunga upepo.

Binti yake Najla alizaliwa mwanzoni mwa mwaka 2000, mzima, mwenye sauti kubwa. Time alidhani sasa hamu itamtoka. Alimpenda Najla kupita kiasi, na Harith alilia hadharani siku waliyomtoa hospitali. Lakini hamu ile haikwenda. Najla alipoanza kutembea, Time alikuwa akimtia kwenye kigari na kuzunguka naye madukani, akimwambia mtu yeyote atakayemuuliza kwamba anatafuta unga wa mchele.

Alizipata siku moja mwaka 2004, katika jengo kubwa la maduka ya Wajapani kule Colindale. Zilikuwa rafu ya juu, pakiti imebadilika rangi, lakini kofia zilikuwa zile zile. Alichukua tatu. Alikaa na Najla kwenye benchi nje, akafungua moja, akatia mdomoni.

Utamu ulikuwa ule ule. Chumvi kwanza, kisha sukari, kisha harufu ya mahindi. Hakikukosekana kitu. Akala ya pili, akala ya tatu, akingojea, na hakikuja chochote. Alimpa Najla, aliyekuwa na miaka minne. Najla aliitafuna, akamjibu kwa Kiingereza chake cha chekechea kwamba hizi ni krispi tu, na kwamba anazipenda zaidi zile za jibini.

"Ndiyo," Time alisema. "Ni krispi tu." Akazikunja pakiti zilizobaki na kuzitia mfukoni, na ndani ya basi watu walimwona analia, mwanamke mmoja akampa karatasi ya kufutia macho.

Jioni ile Harith aliziona pakiti mezani. Alivuta kiti.

"Time, umezipata. Basi mbona hivyo?"

"Sijui."

"Unajua. Duka unalijua lilipo. Miaka yote hii unakwenda kila pembe ya mji huu isipokuwa huko."

Time alizisogeza pakiti kando. Kisha alisema polepole, "Nikienda huko, nitapita ile njia. Nitaiona ile nyumba. Sasa hivi, moyoni mwangu, bado wamo ndani."

Harith alikuwa mtu wa maneno machache. "Jumamosi sina zamu," alisema hatimaye. "Twende sote."

Wakaenda. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi nyingine na mbele pamesakafiwa ili kuegesha gari. Mwanamme wasiyemjua alitoka kutupa taka, akawapungia mkono kwa adabu. Time alisimama kidogo tu. Alitazamia kwamba ataanguka, na hakuanguka.

Duka lilikuwa limepanuliwa, lina taa kali na friza ndefu. Lakini kwenye kaunta alikaa bibi yule yule, amezeeka, amevaa fulana ya sufu. Aliinua macho, akamtazama Time, akaweka chini kikombe chake.

"Bora imo!" alisema kwa sauti, na wateja wakageuka. "Wewe ni Bora imo!"

"Imo ni nini?" Time aliuliza.

"Mama mdogo. Ndugu wa mama. Yule mtoto kila siku akiniambia, huyu ni imo wangu. Mimi nikimwuliza, mbona hamfanani? Ananikasirikia." Bibi alizunguka kaunta na kumshika Time mikono yote miwili. "Ulikuwa wapi? Mama yake alikupigia simu hapa."

Time alihisi Harith anamshika bega. "Alipiga hapa?"

"Mara nyingi. Alisema, namba ya Bora imo haipatikani, lakini yeye lazima atakuja dukani, hawezi kukosa. Mwambie anipigie. Mwaka wa kwanza, mwaka wa pili. Mimi namwambia, hajaja. Mwisho akasema, labda amerudi Afrika." Bibi alimwangalia usoni. "Kwa nini hukuja?"

Time alisema tu, "Nilidhani hakuna mtu."

Namba yenyewe ilikuwa imepotea duka lilipojengwa upya. Lakini bibi alikuwa na binamu aliyesali kanisa moja na dada wa Mama Bora huko Seoul, na kwa njia hiyo ya kuuliziana, baada ya wiki chache namba mpya ilifika Wembley. Time aliiweka mbele yake siku nzima kabla ya kupiga.

Mama Bora alipomtambua sauti alilia, na Time naye, na kwa muda kadi ya simu ilikuwa ikiliwa na kilio. Kisha wakazungumza. Kampuni ilifungwa mwaka ule ule waliorudi. Mume alikwenda mji mwingine kutafuta kazi, akaanza kuja mara moja moja, halafu akaacha kuja. Mama Bora alikuwa anapika vitoweo na kuviuza sokoni.

"Mwaka wa kwanza Bora alikuwa akiniuliza habari zako kila asubuhi," alisema. "Akivaa viatu anauliza, Da Time yuko wapi. Nilimwambia umesafiri. Halafu siku moja hakuuliza. Nilishukuru, na moyo uliniuma."

"Sasa yukoje?"

"Mrefu. Mkimya. Anafunga mlango wa chumba chake."

Wakawa wanapigiana simu sikukuu kwa sikukuu, za huku na za kule. Bora aliletwa kwenye simu, akasema habari kwa Kiingereza cha vitabuni, akashukuru, akaaga. Time hakumlazimisha.

Mwaka 2009, alipotimiza miaka kumi na minane, Bora alikuja London kujifunza Kiingereza majira ya joto, akakaa New Malden kwa jamaa wa kanisani. Time alikwenda kumpokea stesheni. Aliteremka msichana mrefu, nywele zimekatwa mabegani, visikizio vya muziki vinaning'inia shingoni. Aliinama, akatoa sanduku la zawadi kwa mikono miwili. Time aliyekuwa amejitayarisha kumkumbatia alibaki naye akilipokea kwa mikono miwili, na wote wawili wakasimama hapo, hawajui la kufanya.

Alimchukua Wembley. Alikuwa amepika pilau ya kuku, kachumbari, na mezani ametandaza pakiti za gokali kama anayengojea mtoto wa miaka mitatu. Harith alimkaribisha kwa Kiswahili, kwa kusahau. Najla, mwenye miaka tisa, alimhoji mgeni kwa Kiingereza kuhusu simu yake mpaka akakatazwa. Bora alikula kwa mkono kwa sababu aliwaona wanakula kwa mkono, na punje zilimwagika, akacheka kidogo, na katika kicheko kile Time aliona upande mmoja wa mdomo unapanda kabla ya mwingine, na alilazimika kuinuka kwenda kuleta maji ambayo yalikuwapo tayari mezani.

Baada ya chakula alimsogezea gokali.

Bora alichukua pakiti, akaigeuza. "Nilikuwa nazipenda hizi?"

"Hukumbuki?"

"Samahani." Alionekana ameona haya kweli. "Sikumbuki chochote cha huku. Nakumbuka tu harufu, nadhani ni ya nguo zako. Na sijui kama naikumbuka au mama kaniambia."

Time aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amejua kwamba itakuwa hivyo. Alikuwa amejiambia kwenye treni, akajiambia tena jikoni, na bado lilimchoma. Mtoto aliyemtafuta katika maduka yote yale hakuwamo ndani ya msichana huyu. Au alikuwamo, na mwenyewe alikuwa hana habari naye.

Bora aliiweka pakiti chini. Alisubiri mpaka Harith na Najla walipotoka kwenda dukani, kisha akasogea karibu.

"Naweza kukuuliza?" alisema. "Mama hapendi kuzungumza habari za London. Nikimuuliza anasema, nimesahau. Ni kwa sababu baba alikuwa bado yuko nasi. Picha nyingi alizitupa. Kwa hiyo sina wa kumuuliza." Alijishika vidole. "Nilikuwaje?"

Time alimtazama. Katika miaka yote hiyo alikuwa amedhani hamu ni ya kwake peke yake.

"Kaa vizuri," alisema, akamwekea mto mgongoni. "Mwaka mmoja ulipata homa kali. Mama yako yuko chuoni, baba yako yuko safarini, na basi halikuja. Nilikuwa na kanga kwenye mkoba. Nikakufunga mgongoni, hivi, kama wanavyobebwa watoto kwetu, nikatoka na wewe kwa miguu kwenda kwa daktari. Wazungu wananitazama. Lakini mbele ya benki ya barabara kuu walikuwa wamesimama vikongwe wawili wa Kikorea, mtu na mkewe. Wakaona ninavyokubeba. Yule bibi akaja mbio, hasemi Kiingereza, akanifungua fundo, akalifunga upya kwa namna ya kwenu, chini ya makalio yako, likakaza vizuri. Kisha akatembea na mimi mpaka kwa daktari, ameshika mguu wako mmoja, anakuimbia."

"Aliimba nini?"

"Sikuelewa maneno."

"Lakini sauti yake unaikumbuka?"

Time alifikiri. Akaanza kuimba kwa mdomo uliofungwa, kwanza kwa kukosea, akarudi nyuma, akaishika. Bora aliinama mbele. Hakusema kama wimbo ule anaujua. Time alipofika mwisho, msichana alisema, "Endelea. Niambie jingine." Na Time akamwambia jingine, na jingine, mpaka Harith na Najla waliporudi, wakavua viatu na kupita kimya kimya jikoni.

Bora alirudi Korea mwezi wa Septemba. Alipokwisha kuondoka Time aliugua huzuni kwa wiki nzima, na Najla alimuuliza kwa nini analia na hali mtu mwenyewe ameshampata.

"Nimempata huyu," Time alimwambia. "Huyu nampenda. Lakini yule mdogo bado namtaka."

Najla hakuelewa, au alielewa kidogo. Alikuja akakaa ubavuni mwa mama yake kwenye kochi, akaegemeza kichwa, na hakuondoka mpaka chai ilipoiva.